Maswali na Majibu: Viroboto Ndani ya Nyumba, Bila Kupuliza Sumu

Barua za viroboto zimetufikia kwa wingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kuwamaliza bila kujaza sumu katika nyumba wanamolala watoto. Inawezekana. Ila anayetaka njia hii ajue mapema kwamba badala ya dawa atatumia maji, sabuni, joto, ufagio na kalenda, na kalenda ndiyo inayowashinda wengi.

Paka anaoga kila wiki, viroboto wanarudi

*Ndugu wahariri, salaam. Tuna paka mmoja. Sebuleni kuna zulia, vyumbani sakafu ni ya mbao. Kila Jumamosi tunamwogesha na viroboto tunawaona wakielea majini wamekufa, lakini hata siku tatu haziishi anajikuna tena. Nina mtoto anayetambaa, kwa hiyo dawa ya kupuliza sitaki hata kuisikia. Tunakosea wapi?*

Mama, kumwogesha paka si kosa, ila mnapambana na sehemu ndogo tu ya tatizo. Viroboto wazima walio mwilini mwa mnyama ni takriban asilimia 5 ya wote waliomo nyumbani. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa (yaani buu aliyejifungia kwenye kifukofuko ageuke kiroboto), na hao hawako kwa paka. Wako kwenye zulia, kwenye nyufa za mbao, na zaidi ya kote, pale paka anapopenda kulala.

Jike akishanyonya damu huanza kutaga ndani ya siku mbili, na anaweza kufikisha mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo ni meupe, laini, yana urefu wa nusu milimita hivi, na hayanati kwenye manyoya. Paka akiruka, akijikuna au akijinyoosha, yanadondoka. Huanguliwa baada ya siku 2 hadi 10. Buu anayetoka hana miguu, hapendi mwanga, na hujipenyeza chini kabisa kwenye mashina ya nyuzi za zulia. Chakula chake ni kinyesi cha viroboto wazima, yaani damu iliyokauka inayodondoka kutoka kwa paka pamoja na mayai. Akishakua hujifumia kifukofuko kinachonata. Vumbi na mchanga vikikigandia, humtambui hata ukimkodolea macho. Humo ndani anageuka kuwa kiroboto kamili, na anaweza kutoka baada ya wiki moja au mbili, au akatulia miezi kadhaa akisubiri dalili ya mnyama kupita: joto, mtikisiko wa nyayo, kukandamizwa, au kaboni dayoksaidi inayotoka katika pumzi.

Basi paka wako Jumamosi anatoka majini akiwa safi, analala palepale pa jana, na kufika Jumanne wapya wameshampanda. Sabuni ikishasuuzwa haiachi kinga yoyote manyoyani.

Anza na malazi yake. Chunguza mahali anapolala hasa, si pale mlipomwekea kitanda. Huenda ni kwenye kochi, juu ya nguo chafu au miguuni pa mtoto. Matandiko yote ya hapo yakunje kwa ndani, uyatie kwenye mfuko hapohapo na kuufunga, ndipo uyabebe kwenda kufua. Ukiyakung'uta au kuyaburuta nyumbani, mayai unayapanda kila chumba. Fua kwa sabuni na maji ya nyuzijoto 60 za Selsiasi au zaidi. Kisha tandika shuka kuukuu pale anapolala, uwe unaibadilisha kila baada ya siku tatu. Shuka hiyo itakusanya mayai mengi kuliko sehemu yoyote ya nyumba, na kuyafua kabla hayajawa vifukofuko ni nusu ya kazi yote.

Sakafu inataka mashine ya kufyonza vumbi, kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha siku moja baada ya nyingine. Ipitishe polepole, kwanza kwa urefu wa zulia, halafu kwa upana, maana buu akihisi kuvutwa hujizungusha kwenye uzi na kung'ang'ania. Mara moja haitoshi. Inua mito ya makochi, sogeza makochi yenyewe, na kwa kichwa chembamba cha mashine fuata pale zulia linapokutana na ukuta na kila ufa wa mbao. Faida ya pili ya mashine wengi hawaijui: mtikisiko wake huwaamsha waliojificha kwenye vifukofuko wakatoka, na kiroboto aliyetoka ni rahisi kumuua kuliko aliyefungiwa. Ndiyo maana baada ya kufyonza unaweza kuona viroboto wengi zaidi kwa siku moja mbili. Hiyo ni dalili njema. Mfuko wa mashine utoe siku hiyohiyo, ufunge ndani ya plastiki na kuutupa nje. Kama mashine haina mfuko, mimina taka kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Zulia likiweza kutolewa, litoe. Lipigepige mbali na mlango, kisha lianike kwenye jua kali saa kadhaa kila upande. Mabuu hufa joto likizidi nyuzi 35, na hewa kavu pia huwaua, kwa kuwa hawastahimili unyevu wa hewa ulio chini ya asilimia 50. Mashine ya mvuke nayo ni nzuri, kwani mvuke wa moto unaua hata mayai na pupa mradi uende taratibu. Tatizo ni kwamba watu wengi huliacha zulia na majimaji. Zulia lenye unyevu ndilo mabuu wanalolitaka, kwa hiyo fungua madirisha na ulikaushe siku hiyohiyo. Kwenye mbao zilizopakwa vanishi jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Nyufa pana, ukishazifyonza, zizibe.

Paka mwenyewe anahitaji kitana zaidi ya beseni. Tafuta kitana cha viroboto chenye meno yaliyobanana sana, kiasi cha 12 au 13 kwa sentimita moja. Mchane kila siku: shina la mkia, shingo, chini ya kidevu, tumbo. Weka karibu bakuli la maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, na kila unapopitisha kitana kichovye humo. Bila sabuni kiroboto huelea juu ya maji na kuruka zake. Sabuni inavunja ule utando wa juu wa maji, naye anazama. Ukikuta chembe nyeusi usizozijua, zidondoshe kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Zikitoa rangi ya wekundu wa kutu, ni kinyesi cha viroboto. Zikibaki nyeusi, ni uchafu tu. Siku ya kumwogesha, anza kwa kumzungushia povu zito shingoni, la sivyo viroboto wote watakimbilia usoni na masikioni. Kila wiki ni nyingi mno kwa ngozi ya paka. Mkimchana kila siku, mara moja kwa mwezi yatosha.

Na tafadhali msimfukuze nje. Paka anayezunguka nyumbani na kuchanwa kila jioni ndiye anayewavuta viroboto wapya mnapoweza kuwanasa. Akiondoka, watakaowangoja ni wewe na mtoto. Mtoto mtandikie shuka safi ya kutambalia na ibadilishwe kila siku.

Kuhusu muda: wiki mbili za kwanza mtaona nafuu, kisha katika wiki ya tatu au ya nne wataibuka tena, kwa sababu vifukofuko vya zamani vinapasuka. Hapo ndipo watu wengi husema njia hii haifai na kuiacha. Msiiache. Hesabuni miezi miwili hadi mitatu, na msilegeze hadi zipite wiki nne mfululizo kitana kikitoka bila kitu.

Chumvi, siki, kitunguu saumu, mwarobaini: kipi ni kweli?

*Wataalamu, kila mtu ana dawa yake. Jirani ananiambia ninyunyize chumvi, shemeji anasema siki, mwingine nimlishe mbwa kitunguu saumu, na babu yetu anatumia mafuta ya taa. Naomba mnitenganishie.*

Tuanze na ya hatari, ndugu yetu. Mafuta ya taa yasimguse mnyama kamwe. Yanababua ngozi, na akijilamba anayameza, mvuke wake ukaingia mapafuni. Mwombe babu aache, kwa heshima zote. Kitunguu saumu nacho, na vitunguu vya kila aina, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, paka akidhurika zaidi. Mnyama anayenyonywa damu na viroboto hana damu ya ziada ya kupoteza. Mafuta ya mimea yenye harufu kali, kama ya mti wa chai au ya maganda ya machungwa, ni hatari kwa paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuyavunja vizuri. Kitu kutoka mmeani si lazima kiwe kipole.

Siki haiui viroboto. Harufu yake huenda ikawasumbua kidogo, basi. Ukinyunyiza chumvi laini kwenye zulia inaweza kuwakausha mabuu pale hewa ilipo kavu sana, ila hewa ikiwa na unyevu chumvi yenyewe inavuta maji, zulia linakuwa na chepechepe, misumari na miguu ya chuma inaota kutu. Sisi hatuipendekezi.

Mwarobaini una kiini kinachovuruga ukuaji wa wadudu, azadiraktini, lakini kiko kwa wingi kwenye mbegu, si kwenye majani. Maji ya majani yaliyochemshwa yana nguvu ndogo. Mafuta ya mbegu yana nguvu zaidi, na ndiyo maana hatushauri kumpaka paka, maana atayalamba.

Kinachofanya kazi kweli, kikitumiwa kwa uangalifu, ni unga wa diatomi, yaani mabaki ya vijimea vya majini yaliyosagwa. Unafyonza nta inayofunika mwili wa mdudu naye anakauka. Nunua ule usiochomwa. Ule wa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea umechomwa kwa moto mkali, na vumbi lake linadhuru mapafu vibaya. Vaa barakoa, toa watoto na wanyama, tia tabaka jembamba sana ndani ya nyufa na chini ya fanicha nzito zisizosogezwa, uache siku kadhaa, kisha uondoe kwa kitambaa chenye maji. Ukimwaga kwa marundo viroboto wanazunguka pembeni. Ukilowa haufanyi kazi mpaka ukauke tena. Usiupake mnyama, na usiuvute kwa mashine ya kawaida ya vumbi kwa wingi, utaziba chujio.

Boraksi na asidi ya boriki huua mabuu wakizila. Lakini ni sumu zikimezwa, na mtoto anayetambaa huweka mikono mdomoni siku nzima. Katika nyumba yenye mtoto mdogo jibu letu ni hapana.

Nyumba ilikuwa tupu, tumeingia tumeshambuliwa

*Tumehamia nyumba iliyokaa miezi miwili bila mtu. Hatufugi chochote. Siku ya kwanza tu miguu ilijaa vipele hadi kwenye vifundo. Wametoka wapi? Je, tukitega sahani ya maji chini ya taa itatosha?*

Wapangaji waliotangulia walikuwa na mbwa au paka. Aliondoka, lakini vifukofuko vilibaki vikisubiri. Mlipoingia na kuanza kusogeza vitanda, mtikisiko na joto lenu vikawafungulia wote kwa mkupuo. Habari njema ni kwamba kiroboto huyu wa paka na mbwa hakai mwilini mwa binadamu. Anauma na kushuka. Bila mnyama hawezi kujenga kizazi kipya, kwa hiyo waliomo ndani ndio hao, hawataongezeka. Aliyetoka kwenye kifukofuko akikosa damu hufa baada ya siku chache, au wiki moja mbili hivi.

Kwa hiyo kazi yenu ni kuwaharakisha watoke. Kama bado hamjapanga vyombo vyote, fyonzeni au fagieni kila chumba mara mbili kwa siku, mkikanyaga kwa nguvu na kusogeza kila kitu. Vaeni soksi nyeupe ndefu zilizovutwa juu ya suruali. Viroboto wataonekana juu ya weupe, muwatose kwenye maji ya sabuni. Msiache vyumba vimefungwa bila kuingiwa. Chumba mlichokiepuka leo ndicho kitakachowauma mwezi ujao. Angalieni pia darini na chini ya sakafu kama hakuna paka wa mtaani au mnyama mwingine aliyejificha humo. Akiwapo, hesabu yote hapo juu inabadilika, na yeye ndiye wa kushughulikiwa kwanza.

Sahani inanasa, ndiyo. Iwekeni sakafuni usiku, maji ya kina cha sentimita moja na tone la sabuni, taa ndogo juu yake kiasi cha sentimita 15, taa nyingine zote zizimwe. Lakini inanasa wazima walio karibu tu. Haigusi yai wala buu. Sisi tunaiona kama kipimo zaidi kuliko tiba: hesabuni kila asubuhi, chumba kwa chumba, mjue pa kuongeza nguvu.

Vipele visikunwe. Maji baridi yanatuliza. Kikianza kutoa usaha, nendeni kituo cha afya.

Hatuna mashine, sakafu ni ya saruji na nyingine udongo

*Ushauri wa mashine za kufyonza hautufai wengine. Sisi je?*

Swali la haki kabisa. Saruji laini ni rahisi kuliko zulia, kwani mayai hayana pa kujificha isipokuwa nyufani na kwenye pembe. Fagia kila siku ukianzia ukutani kuja kati, taka zizoe mara moja na kuzitumbukiza kwenye maji ya sabuni au kuzichoma. Usizisukume tu nje ya mlango. Mara mbili kwa wiki mimina maji yanayochemka moja kwa moja kwenye nyufa na kando ya kuta, watoto wakiwa mbali. Maji ya moto yanaua kila hatua ya kiroboto yanakomfikia, lakini yakimwagwa sakafu nzima hupoa kabla hayajafika nyufani, kwa hiyo tumia birika na ulenge. Yakikauka, ziba nyufa kwa saruji.

Sakafu ya udongo inachosha zaidi. Mabuu hukaa kwenye lile vumbi legelege la juu. Kwangua tabaka hilo lote, litoe nje, halafu kandika upya na kushindilia hadi sakafu iwe ngumu na isiyo na ufa, uiache ikauke vizuri kabla ya kurudisha mikeka. Unapofagia nyunyiza maji kidogo tu, ya kutuliza vumbi. Ukilowesha kila siku unawafugia mabuu.

Uani, usihangaike na sehemu inayopigwa na jua mchana kutwa, hawaishi hapo. Nenda kwenye kivuli chenye unyevu mbwa anapojilaza: chini ya ngazi, kichakani, nyuma ya banda. Fyeka, ondoa majani makavu, acha jua liingie.

Kuku wana viroboto walioganda kichwani

*Ni weusi, wamekaa kwa makundi kuzunguka macho na upanga, hawarukiruki.*

Hao ni jamii nyingine, majike yao hujikita ngozini na kukaa hapohapo. Wapake mafuta mazito ya kujipaka, ya mgando, kuyafunika makundi ya viroboto hao yote bila kugusa jicho. Hukosa hewa na kufa. Rudia baada ya siku chache. Usiwang'oe kwa vidole, utachana ngozi. Kisha toa matandazo yote ya banda uyachome, na mbwa au paka wasilale humo, maana viroboto hawa huwapanda na wao.

Panya nao wamo. Nianze na nani?

Anza na viroboto, au wote kwa pamoja, ila usianze na panya peke yao. Panya akifa, mwili unapoa, na viroboto wake huondoka kutafuta damu nyingine, na iliyo karibu ni yako. Viroboto wa panya ndio wanaoeneza tauni na aina moja ya homa ya tifasi. Kwa hiyo safisha sakafu na nyufa kwanza, funga chakula, ziba mashimo, ndipo utege. Panya aliyenaswa usimshike kwa mkono mtupu. Mtose pamoja na mtego wake kwenye ndoo ya maji ya sabuni, baadaye umzike. Ukiona panya wanakufa wenyewe bila kutegwa, usiwaguse, toa taarifa kwa watu wa afya siku hiyohiyo.

Kitoto cha paka kimelegea

*Kina wiki sita hivi, viroboto ni wengi, kimeacha kucheza. Nimeanza kukichana lakini hakipati nguvu. Sipendi madawa.*

Dada, inua mdomo wake uangalie ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, ameshapoteza damu nyingi, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo leo, si kesho. Kitoto cha umri huo kinaweza kufa kwa viroboto. Njiani mfunge kwenye kitambaa kikavu chenye joto. Usimwogeshe akiwa hivyo, atapata baridi.

Tunaheshimu msimamo wako kuhusu dawa, na kwa nyumba tunakubaliana nao. Lakini kipimo kidogo anachopewa mnyama mmoja na daktari, kwa uzito wake, ni jambo tofauti na kupulizia sumu vyumba vyote. Hata kwa wanyama wakubwa, kama miezi mitatu ya kuchana na kufua haijafaulu, tungechagua hilo. Muulize pia kuhusu dawa ya tegu, kwa kuwa paka anayejilamba humeza viroboto, na ndani ya kiroboto mna mtoto wa tegu. Vipande vyeupe mfano wa punje za mchele kwenye kinyesi au chini ya mkia ndiyo alama yake.

Usinunue dawa kwa kukisia. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, ambayo mbwa anaivumilia, ila paka humletea mitetemo, degedege na kifo, hata kwa kiasi kidogo. Kama una mbwa aliyepakwa dawa hiyo, mtenge na paka hadi manyoya yake yakauke kabisa, na muulize daktari ni siku ngapi uongeze.